Funguo za Wageni wa Bi Ghaniya

Marehemu Bi Ghaniya binti Suud bin Hamed
12 Aprili 1957 – 16 Januari 2025

Kwetu si desturi kusoma wasifu kaburini. Maiti huharakishwa, udongo hurudishwa, dua huombwa, watu huondoka. Kwa hiyo wasifu huu unasomwa leo, Jumapili tarehe 19 Januari 2025, siku ya tatu ya tanga, nyumbani kwa marehemu hapa Ibra. Upande wa wanawake anausoma binti yake Kuruthum, ambaye ndiye aliyeuandika, na upande wa wanaume, kwenye sabla, yaani baraza ya wageni, anausoma mwanawe Hood. Karatasi zimegawiwa mlangoni. Waliotoka Sur, Nizwa na Al Qabil wanaombwa wastahamili, kwani ni mrefu, na urefu wake una sababu itakayojulikana mwishoni.

Bi Ghaniya alizaliwa Kajificheni, mjini Unguja, siku ya Ijumaa, mtoto wa pili wa Bwana Suud bin Hamed na Bi Alya binti Khattab. Wa kwanza alikuwa Aflah, aliyemtangulia kwa miaka minne, na katika umri wake wote Bi Ghaniya hakupata kumwita kaka yake kwa jina tupu. Baba yao alikuwa na gari aina ya Morris, la kijani, naye alikuwa dereva mpole kupita kiasi. Alikuwa akisimama kumpisha kuku. Mtu akimpigia honi kwa nyuma, alikuwa akishuka kwenda kumuuliza ana shida gani na kama ana mgonjwa. Marehemu alikulia kiti cha nyuma cha gari hilo, na kinyaa chake cha uendeshaji mbaya kilianzia hapo, maana aliyezoea chakula safi hukitambua kilicholala kabla hakijafika mdomoni.

Masomo yake yalikatikakatika. Alianza chuo cha Kurani mtaani kwao, akamaliza darasa la kwanza tu, na mwaka 1964 familia ikatoka Unguja na vilivyochukulika. Morris haikuchukulika. Walikaa Mombasa, ambako alisoma mpaka darasa la saba na kujifunza kushona, na mwezi wa Septemba 1973 wakaingia Oman, nchi ya babu zao ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuiona. Wakashukia Ibra. Kiarabu cha kusomea Kurani walikuwa nacho. Cha kununulia nyanya hawakuwa nacho. Hata upande wa barabara ulikuwa mwingine. Unguja na Mombasa magari hupita kushoto, huku hupita kulia, na Bwana Suud kwa muda mrefu alikuwa akipita katikati ili asimuudhi mtu.

Somo kubwa kuliko yote Bi Ghaniya alilipata nje ya darasa, majira ya baridi ya mwaka 1974. Bwana Suud alikuwa amenunua Peugeot iliyokwisha kutumika, na Ijumaa moja ya Februari akawatoa jamaa zake kwenda kupunga upepo. Wakaona mahali pazuri, patambarare, changarawe nyeupe tupu, na mti mmoja wa miba wenye kivuli. Wakaegesha, wakatandika mkeka, wakatoa chai na sambusa. Mbinguni hapakuwa na wingu hata la dawa. Juu ya majabali alikuwapo mama mmoja mchunga mbuzi, akipiga kelele na kupunga fimbo. Hawakufahamu anasema nini, wakadhani anawakaribisha. Bi Alya akasimama akampungia leso na kumwonyesha sambusa, aje ale nao.

Yule mama akawaacha mbuzi wake, akateremka mbio, akamkamata Ghaniya mkono na kumburura juu ya jabali. Wazee wake na kaka yake wakamfuata wakidhani mtoto wao anaibiwa. Maji yakaja nyuma ya visigino vyao, meusi, yamebeba magogo. Peugeot ikaondoka taratibu, madirisha wazi, na mkeka na sambusa vikaifuata. Bwana Suud akauliza, kwa Kiswahili, maana ndicho kilichomtoka, "Mto huu umetoka wapi?"

Bi Ghaniya alipokuja kukijua Kiarabu cha watu wa pale, alimtafuta yule mama akamuuliza swali lilelile la baba yake. Akajibiwa, "Haukutoka pahala, binti yangu. Ulikuwapo. Nyie ndio mliokaa ndani yake."

Tangu siku ile alishika mambo mawili, na waliomjua walichoka kuyasikia: wadi ni mto hata ukiwa mkavu, na mvua itakayokuua si lazima ikunyeshee wewe. Huweza kunyesha milimani, mbali, wewe huku umevaa miwani ya jua.

Mwaka 1978 aliajiriwa kupokea simu katika ofisi moja ya serikali hapa Ibra. Alipata leseni ya gari mwaka 1983, wakati ambao mtaani kwetu mwanamke akionekana nyuma ya usukani watoto walimkimbilia kumtazama. Mwaka 1991 aliacha ofisi akawa mwalimu wa kuwafundisha wanawake kuendesha gari, na kazi hiyo aliifanya mpaka 2019. Nusu ya wanawake mliopo leo mlishika usukani kwa mara ya kwanza akiwa ubavuni mwenu, na mnajua alivyokuwa. Hakuwa akigomba. Alikuwa akichukua upindo wa mtandio, akafunika pua, akatazama nje ya dirisha kama mtu apitaye penye jalala. Mwanafunzi akababaika. "Bi Ghaniya, nimefanya nini?" Naye akajibu taratibu, "Wewe endelea tu, mwanangu. Harufu itapita."

Alikuwa akisema kila mji una uchafu wake barabarani, na majira ya baridi ndiyo yanayoufichua, kwa kuwa kiangazi hata mpumbavu hufika salama. Aliwajua watu kwa uchafu wao kama wengine wanavyowajua kwa kabila.

Watu wa Sur, alisema, wameharibiwa na barabara pana na kiburi cha bahari. Wanakuwashia taa tangu wakiwa nukta, na mvua ikinyesha hawapunguzi mwendo, eti wamezaliwa na maji. Watu wa Badia na Al Qabil ni mabingwa wa mchanga. Alhamisi za baridi, nchi nzima inapomiminika kwao kupiga mahema, wao hutoa upepo kwenye magurudumu ili magari yasizame, na hilo ni sawa. Kisha Jumamosi wanarudi lami na magurudumu yaleyale teketeke, mvua inanyesha, mwendo wa kufukuzana, kwa uvivu wa kusimama kituo cha petroli. "Upepo ni bure," alimwambia mwanafunzi wake mmoja wa huko. "Unauza roho kwa kitu cha bure." Alfajiri za baridi ngamia wa huko hulala juu ya lami kwa sababu lami huweka joto. Ngamia ana hoja yake. Anayepita hapo katikati ya ukungu, mkono mmoja usukani na wa pili kwenye simu, hana hoja yoyote.

Watu wa Nizwa walikuwa sura peke yao. Hao wana akili ya milima, wanajua kwamba ikinyesha juu, maji yatafika chini na jua linawaka. Wanajua kuliko sisi sote, na ndiyo maana aliwaonea kinyaa zaidi: ujuzi huo huutumia kukadiria kama watawahi kupita. Na aliye nyuma humsukuma wa mbele kwa taa, ili wasichelewe kufa pamoja. Mkwewe Balqis, mke wa Hood, ni wa Nizwa, na alisikia maneno haya mezani kila mwaka tangu aolewe. Alikuwa akiinamia sahani na kucheka, na leo ameruhusu yaandikwe.

Na sisi wa Ibra? Sisi, alisema, hatuna mbio za Sur wala ujuzi wa Nizwa. Ugonjwa wetu ni haya. Mtu wa Ibra akishafika kwenye maji na nyuma yake kuna watu wanaomjua, hageuzi. Ataambiwa mwoga. Ataonekana hajali walioko upande wa pili wanaomngoja. Heri azame na heshima yake. "Uchafu wa wenzetu utaoshwa siku moja," alikuwa akisema. "Wa kwetu twaufukiza udi."

Yapo maneno aliyoyachukia kuliko hata kupigiwa honi, nayo ni "ajali haina kinga". Husemwa kwenye kila tanga la aliyekufa barabarani, na husemwa kwa sauti ya dua. Yeye alikuwa akimngoja msemaji amalize, akamuuliza, "Na breki waliweka za nini?" Kuna waliomwona hana adabu. Hakuwa mtu wa kukanusha kadari, alisali na kufunga mpaka mwisho. Ila ilimchefua kuona Mwenyezi Mungu anasingiziwa mambo yaliyofanywa na mguu wa kulia wa mtu.

Tarehe 9 Julai 1981 Bi Ghaniya aliolewa na Bwana Yaqoob bin Mahrous, mpima ardhi, mwenyeji wa Ras al Hadd, wilaya ya Sur. Safari ya arusi kwenda kwa wakwe ilikuwa ya kwanza kwa bibi arusi kukaa katika gari linaloendeshwa na mtu wa Sur. Aliomba kushuka mara mbili. Mara ya tatu Bwana Yaqoob akamwambia, "Bibi, usiogope. Sisi watu wa bahari, maji hayatutishi." Naye akajibu, "Maji yako mbali. Mimi unanitisha wewe." Walipendana sana. Waligombana ndani ya gari peke yake, na nje ya gari hakuna aliyewasikia. Bwana Yaqoob alifariki mwaka 2014, kwa maradhi ya moyo, kitandani kwake, jambo ambalo mkewe alilihesabu kuwa ni ushindi wa ndoa yao.

Kutoka kwa mumewe huyo ndiko ilikotoka desturi iliyomfanya Bi Ghaniya ajulikane kutoka hapa mpaka Nizwa. Bwana Yaqoob alikuwa akisimulia kwamba babu yake, akipata mgeni wa kumtukuza, alikuwa akilificha tandiko la ngamia wa mgeni huyo. Mgeni akitaka kuaga hulitafuta tandiko, halioni, inambidi akae ale tena. Hapakuwa na wa kukasirika, kwa sababu huo ulikuwa ukarimu. Bi Ghaniya aliisikia hadithi hiyo akaicheka, na majira ya baridi yaliyofuata akaifanyia kazi.

Nyumba hii, kama mnavyojua, iko ng'ambo ya wadi. Anayetoka hapa kwenda barabara kuu hana budi kuivuka. Basi wingu likikaa juu ya jabali na nyumba ina wageni, Bi Ghaniya alikuwa akipita kwa kila mmoja na kapu la ukili alilokuja nalo kutoka Mombasa, akitabasamu, akikusanya funguo za magari. Funguo zikishaingia, kapu alilikalia. Mgeni atasema ana kazi asubuhi. "Kazi itakuwapo. Kula." Mgeni atasema mtoto wake anamngoja. "Ndiyo maana nakuzuia. Kula." Akisikia mtu anasema kwamba gari lake ni refu, la magurudumu manne, alikuwa akichukua upindo wa mtandio na kufunika pua.

Jamaa mmoja wa Nizwa, ambaye yumo sablani sasa hivi na hatutamtaja, alikasirika akaondoka kwa miguu. Alifika kwenye ukingo wa wadi, akatazama alichokitazama, akarudi, akavua viatu, akauliza kama pilau imebaki. Hakuulizwa kitu. Alipakuliwa.

Ilikuwa desturi njema kwa sababu haikumvunjia mtu uso. Hakuna aliyegeuza kwa woga, hakuna aliyechelewa kwa uzembe. Wote walikuwa wamezuiwa na mwenyeji. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema Waswahili. Nyumbani humu alikuwa akipona mgeni.

Kuhusu maradhi hakuna mengi. Marehemu alipatwa na kisukari mwaka 2009, akakichukulia kama alivyochukulia kila kitu, kwa nidhamu na kejeli. Mwaka 2019 macho yalianza kumsumbua, akaacha kufundisha. Mwaka 2022, baada ya kutolewa mtoto wa jicho na bado taa za mbele zikimpasukia usiku, hakungoja kuambiwa. Alichukua ufunguo wa gari lake mwenyewe akautia kapuni, mbele ya watoto wake, akasema sasa na yeye ni mgeni. Tangu hapo hakuendesha tena. Alikuwa akiendeshwa, na kwa mtu kama yeye huo ulikuwa ugonjwa kuliko sukari.

Hakufa kwa sukari. Wapo wazee waliopendekeza wasifu huu useme kwamba alifariki "katika ajali ya mafuriko" na uendelee na majina ya wafiwa. Hautasema hivyo.

Alhamisi tarehe 16 Januari ilikuwa siku ya tatu ya tanga la jamaa yetu kijijini, ndani kidogo ya Al Qabil. Aflah, kaka wa marehemu, alikuja kumchukua dadake baada ya sala ya adhuhuri. Kuruthum alikuwapo na alisikia kila neno. Wingu lilikuwa limekaa juu ya jabali tangu asubuhi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Vaa baibui yako twende."

"Kunywa kahawa kwanza." Na huku anamiminia, ule ufunguo Aflah aliouweka juu ya sinia ukaingia kapuni.

Aflah akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ghaniya, leo si siku ya mchezo huo. Mkeka wa tanga unakunjwa alasiri."

"Litazame jabali, kaka."

"Nimeliona. Nna gari ya juu."

Mtandio haukupanda puani. Kwa kaka yake hakupata kufanya vile. "Tutakwenda kesho," alisema. "Tutawapa mkono majumbani mwao."

"Kesho? Mie mkubwa wa ukoo nende kesho kama mpita njia, na mkeka umeshakunjwa? Watu watatufahamuje?"

"Watafahamu kulikuwa na mvua."

"Nipe ufunguo. Nakwambia mie, kaka yako."

Akampa. Aliyewanyang'anya funguo maofisa, makadhi na wakwe wa Nizwa, alitia mkono kapuni akautoa ufunguo ule na kumpa, kwa sababu kaka ni badala ya baba na alilelewa hivyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wazee wetu. Hawakutwambia afanyeje aliyelisikia.

Yaliyobaki ameyasimulia Aflah mwenyewe. Wadi ya hapa nyumbani waliivuka ingali kavu. Walipofika kwenye wadi ya Al Qabil, maji yalikuwa yanapita juu ya barabara na vile vijiti vyekundu na vyeupe vya kupimia kina vilikuwa vimefunikwa zaidi ya nusu. Magari yalikuwa yamesimama. Yeye akayapita akaenda mbele, kwa kuwa yeye ni mkubwa, na walio nyuma wengi walikuwa jamaa, wanakwenda tanga lilelile.

"Geuza, kaka," Bi Ghaniya alisema.

"Walio nyuma ni watu wetu."

"Basi ndio ugeuze. Hawa wote wanataka kugeuza. Wanakungoja wewe tu."

Aflah anasema alijua kwamba ni kweli. Anasema alitazama kwenye kioo, akaona nyuso anazozijua, na mkono ukawa mzito kuliko maji. Ukingoni walikuwapo vijana na simu zao, wamekuja kuangalia wadi kama watu wanavyokwenda kuangalia mpira, na mmoja akapaza sauti, "Yallah, ya shaiba!" Songa, mzee. Mzee akasonga.

Gari halikufika katikati. Aflah alitolewa na watu wa Al Qabil waliokuja na kamba, mtulinga umevunjika. Bi Ghaniya alipatikana kabla ya magharibi, chini kwenye shamba la mitende, na watu haohao, ambao hawakumjua na waliingia majini kwa ajili yake. Familia inawashukuru na haitawasahau. Waliokuwa kwenye foleni waligeuza wote. Ilikuwa rahisi, baada ya hapo. Alizikwa hapa Ibra, Ijumaa tarehe 17 Januari, baada ya sala.

Kuna jambo moja zaidi, na litasemwa mbele yenu kwa sababu marehemu angelisema. Kuruthum alipata video kabla ya kupata habari. Ilitumwa kwenye kundi la wanawake wa mtaani, na maneno ya kuchekesha chini yake. Imepigwa na mtu ambaye mkono wake haukutikisika. Ndani yake husikika kicheko, kisha husikika "La ilaha illa Allah", kutoka kinywa kilekile. Aliyeipiga anachefua. Na wapo waliokaa nyumbani humu, wameshika mkono wa Kuruthum wakimpa pole, na kwa mkono wa pili wameipeleka mbele. Jueni kwamba anajua. Hatawaulizeni kitu. Marehemu angefunika pua akatazama dirishani, na tunaomba hilo lichukuliwe kuwa limefanyika.

Jana Aflah, mkono shingoni, alikuja kwa Kuruthum alipokuwa anaandika. Aliusoma mwanzo, akauliza mwisho utasemaje. Akaambiwa kwamba wazee wanataka iandikwe kadari.

"Kadari naiamini," alisema. "Lakini usiiandike pahala pa jina langu."

"Mjomba, watu watakusema."

"Na waseme. Nimeshaona kutosemwa kunagharimu nini." Kisha akauliza, "Lile kapu lake liko wapi?"

Bi Ghaniya ameacha kaka mmoja, Aflah, watoto wawili, Kuruthum na Hood, mkwe, Balqis, wajukuu watano, ambao wawili wana leseni na wote hufunga mikanda hata gari likiwa limesimama, na wanafunzi wake, ambao wanajijua. Ametanguliwa na wazazi wake, na mumewe Bwana Yaqoob.

Sasa sababu ya urefu, ambayo haimo katika karatasi mlizogawiwa. Asubuhi mlipofika, aliyewapokea getini alikuwa Aflah. Aliwaombeni funguo za magari, akasema ni za kuyapanga, maana uwanja ni mdogo. Mkampa bila kumuuliza, wanawake na wanaume, kwa kuwa ni mzee na amefiwa. Hakuna gari lililopangwa, nasi tumesoma kirefu ili asitake mtu kuondoka. Tangu tulipoanza kusoma, wingu limekaa juu ya jabali, huku uwanjani jua linawaka, na mjukuu mmoja amekwenda mara mbili kuitazama wadi. Imeshaanza kujaa. Ina maji ya kufika kiunoni na yanaongezeka.

Funguo zenu zimo katika kapu la ukili. Wa Bi Ghaniya umo pia, tangu 2022, hakuna aliyeutoa. Kapu liko sablani, na Aflah amelikalia. Watu wa Sur wameshaanza kusema kwamba maji hawayaogopi. Wao watapakuliwa mwanzo. Walio bado njiani wamepigiwa simu na Aflah mwenyewe, mmoja mmoja, akawaamuru wageuze, na akawaambia wasione haya kwa kuchelewa, kwa sababu mkeka wa tanga hili haukunjwi leo. Utakunjwa siku maji yatakaposhuka na wa mwisho wao ameketi.

Pilau iko tayari. Mwenyezi Mungu amrehemu Ghaniya binti Suud, amsamehe na amlaze mahali pema. Nyinyi mtalala hapa.